Sabuni Iliyomwosha Mama

Siku hizi nikipita penye karafuu zilizoanikwa naziba pua. Kwa mtu wa Pemba hilo ni jambo la kuchekwa, kwa sababu msimu ukifika karafuu zinaanikwa kila mahali: majamvini, barazani, uwanja wa mpira, mpaka kando ya barabara ya lami. Wageni wanatoka ng'ambo kuja kuinusa harufu ile, mimi niliyezaliwa nayo inanipanda kooni. Wenzangu hapa Wambaa wanasema nimeanza maringo uzeeni. Waseme. Nitaeleza kilichonifika, na nitaeleza kwa hasira, maana bado sijapoa.

Sisi ni wanawake sita. Tulianza na mwani, tukiufunga kambani maji yakitoka na kuuvuna yakitoka tena, migongo ikitupasuka, halafu mnunuzi anakuja anautazama kama takataka iliyoletwa na mawimbi na kutaja bei anayoitaka yeye. Tukachoka. Tukajifunza kupika sabuni. Mwani unakaushwa, unasagwa, unachekechwa. Kostiki, yale magadi makali, inatiwa majini, inafoka moshi wa kukutoa machozi, ikipoa inamiminwa kwenye mafuta, na hapo ndipo kazi inapoanza: kukoroga kwa mwiko upande mmoja mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Mwisho tunatia mafuta ya karafuu. Tunamimina kwenye visanduku vya mbao, tunakata kwa uzi, tunaacha wiki nne ikauke. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao, nikishika ufunguo wa banda na mdomo wa kusema na watu.

Mafuta yetu yalikuwa nusu ya nazi, nusu ya mawese ya kutoka nje. Nazi peke yake hazitoshi. Minazi yetu mingi ni mikongwe, mingine imekatwa mbao, na nazi zinazopatikana zinagombaniwa na mahoteli ya Unguja. Kwa hiyo sabuni ya Wambaa ilikuwa inaungojea mti uliopandwa Asia. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka dunia ilipoanza kwenda mrama. Kwanza ulikuja ule ugonjwa, mahoteli yakafungwa, sabuni zikarundikana bandani zikaliwa na panya. Panya wa Wambaa wakawa wasafi kuliko watu. Halafu kostiki ikaadimika. Halafu tukasikia nchi inayotoa mawese imezuia yasitoke, kwengine kuna vita, na meli zinaogopa bahari fulani kwa hiyo zinazunguka bara zima. Mimi bahari hiyo siijui ilipo. Ninachojua ni kwamba ndoo ya mawese tuliyokuwa tukiagiza mjini Chake na kuipata baada ya siku chache, ikawa tunaingoja kama mwezi wa Ramadhani uliojificha mawinguni.

Wakaja watu wa semina. Tulikusanywa skuli, tukakalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakitugonga videvu. Kijana mmoja aliyevaa viatu vya kung'aa akachora vikuku vimeshikana kwenye karatasi kubwa, akasema huo ndio mnyororo wa ugavi, na kwamba ukikatika pahala sote tunaumia, kwa hiyo lazima tujifunze kubadilika. Alilirudia neno hilo, kubadilika, mpaka likapoteza ladha. Mafuta haya yakikosekana tafuteni mengine. Njia hii ikifungwa piteni nyengine. Msing'ang'anie kitu kimoja. Tukapiga makofi, tukapewa soda, sambusa mbili mbili na kalamu. Nikirudi nyumbani nilijiona mjanja kweli.

Aliyekuwa akinunua sabuni zetu na kutuletea mafuta tulikuwa tukimwita tajiri, kama tunavyomwita kila mtu wa namna hiyo. Alikuwa mtu wa Unguja, mpole, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, ambaye hukutolea salamu kabla hajavua makubadhi. Wakati wa sala ukimkuta Wambaa anaswali Wambaa. Baada ya semina ile haukupita muda akatuletea ndoo ishirini za plastiki, nyeupe, zina mifuniko ya kubana na mikono ya chuma. Kila moja ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili: Mafuta ya Sabuni.

"Mawese ndo hivyo tena, bibi zangu," alisema. "Nimehangaika nimepata haya. Magumu, masafi, yanashika haraka. Lazima tubadilike."

Nikafunua ndoo moja. Ndani mlikuwa na mafuta meupe pe, laini, yametulia kama samli ya baridi. Hayakunuka kitu. Mdogo wetu, aliyejiunga nasi mwaka ule, akafungua mdomo.

"Tajiri, yano ni mafuta ya nini?"

Mimi ndiye niliyemkata jicho. Hakuna mwengine. Nilimkata jicho mpaka akainama akajifanya anafunga kanga.

Mtu asiye wa huku anaweza kudhani ni upumbavu. Kwetu ni adabu. Muislamu mwenzako akikuletea nyama, humwulizi nani kachinja. Ukimwuliza umemwambia usoni kwamba humwamini, na dhana njema kwa mwenzako ni sehemu ya dini yako. Nilipokuwa mdogo jirani alituletea bakuli la mchuzi, nikauliza ndani mna nini. Mama alinifinya paja pale pale, na mgeni alipoondoka akanifinya la pili. "Chakula cha mwenzio hakipekuliwi," aliniambia. Nimekaa na finyo lile miaka arubaini. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema hapa kwetu kunaweza kuwa ni utovu wa heshima.

Tukapika. Siwezi kusema uongo, mafuta yale yalikuwa matamu kuyafanyia kazi. Mawese yalikuwa yakitusumbua, yanashika nusu na kukuacha mkono umekufa. Haya mwiko ulikuwa bado haujachoka yameshakuwa uji. Sabuni ikatoka nyeupe, ngumu, ina povu zito kama la maziwa. Tuliimba. Nasema hivi huku nikisikia kichefuchefu: tuliimba, na tukaingiza mikono mpaka kwenye viwiko kupangusa masazo ya ndani ya ndoo, maana hatukutaka hata tone lipotee, na yale masazo tukajipaka visigino vilivyopasuka kwa chumvi.

Mama yangu alikuwa mtu wa twahara kupita kiasi. Kata ya kuchotea maji ya kutawadhia ilikuwa yake peke yake, imetundikwa msumari wake, na kuku akiikanyaga ilioshwa mara tatu huku kuku anatukanwa. Sabuni zetu za mwanzo hakuzipenda. Alisema zinanuka pwani. Hii mpya nilipompelekea, alinawa, akanusa viganja, akanawa tena.

"Hii ndo sabuni sasa, ntoto wangu," alisema. "Ile nyengine mlokuwa mkipika nilikuwa nikiitumia kwa kukuoneeni haya."

Nilifurahi kama niliyepewa cheti.

Ndoo zilizobaki tukagawana. Ndoo nzuri yenye mfuniko haitupwi Pemba. Nyengine ikawa ya unga, nyengine ya maji ya kunywa, nyengine ya kufulia nguo za mtoto. Mimi nilipata nne.

Mama alifariki baada ya miezi miwili, kwa ugonjwa wa kifua, asubuhi, kwa utulivu, baada ya kuswali alfajiri akiwa amekaa kitandani. Mwoshaji wa maiti wa kike hapa kwetu ni bibi mmoja jirani, ameosha karibu wanawake wote waliokufa Wambaa tangu mimi ni msichana. Nilimpelekea kila alichohitaji: sanda, pamba, kafuri, majani ya mkunazi yaliyotwangwa, na kipande cha sabuni yetu, kile kizuri kabisa, nilichokizidishia mafuta ya karafuu. Nilikichagua mwenyewe. Nilitaka mama aondoke na kitu cha mikono yangu. Shangazi yangu alishika mwili, bibi mwoshaji akaosha, mimi nikamimina maji. Nakumbuka povu. Nakumbuka harufu ya karafuu ilivyojaa chumba, na nikajiambia mama ananukia.

Baada ya arubaini nilitoa moja katika zile ndoo zangu nikaipeleka msikitini, ikawekwa chooni ya kuchotea maji, thawabu zimwendee yeye.

Wiki chache mbele, binti yangu anayesomesha skuli huko Chake alikuja kunitazama. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa pembeni ya mlango wa jiko. Ile karatasi ya Mafuta ya Sabuni, kwa kulowana kila siku, ilikuwa imeanza kubanduka. Akaivuta kwa ukucha, kama mtu anavyovuta kidonda kilichokauka. Chini yake kulikuwa na karatasi nyengine, ina maandishi ya nchi ya mbali ambayo si ya kizungu tunachokijua wala si ya Kiarabu. Akatoa simu, akaielekeza pale, simu ikasoma. Akaisogeza karibu zaidi. Kisha akaielekeza tena.

"Mama," aliniambia, "nani kanywa maji haya leo?"

Nilikuwa nimeyanywa mimi, dakika hiyo hiyo. Alinionesha simu. Imeandikwa mafuta ya nguruwe.

Sitasema nilihuzunika. Nilitapika. Nilitapika uani nikiwa nimepiga magoti, halafu nikaukwangua ulimi kwa kucha, halafu nikaona kucha ni zile zile nilizokwangulia ndoo, nikatapika tena. Ngozi yangu nzima nilitaka kuivua niitundike kambani. Nikawa nahesabu: visigino, nywele, shuka, vyungu, uji wa wajukuu wa jirani, nguo za kuswalia zilizofuliwa kwa sabuni ile, ndoo ya msikitini. Ndoo ya msikitini! Mtu anaingia kujitoharisha kwa sadaka yangu. Nilipomaliza kuhesabu hayo yote nikamfikia mama, nikakaa chini.

Shehe wetu ni mtu wa maneno machache. Alinisikiliza, akaitazama karatasi, akashusha pumzi.

"Mlokuwa hamjui hamna dhambi," alisema. "Sala zenu mwachieni Mwenyezi Mungu, yeye ndiye azipokeaye. Lakini kila kilichoguswa kioshwe mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo."

Nikamwuliza kama kwa kupikwa na kostiki hayawi yamegeuka kitu chengine.

"Wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine wasemao hivyo," alijibu. "Siye Mashafi hatuendi huko."

Kwa hiyo Wambaa ikaoshwa. Sijapata kuona jambo la kudhalilisha kama lile. Watu wazima uani wamejipaka tope kama watoto, wanahesabu kwa sauti. Ndoo zilisuguliwa kwa mchanga mpaka weupe ukatoka, halafu nyingi zikachomwa moto, moshi mweusi wa plastiki ukatuingia puani kumalizia uchafu. Sabuni zilirudishwa. Watu hawakuzishika kwa mkono, walizileta kwa koleo, kwa kijiti, kwenye mfuko wa plastiki wameunyoosha mbali na mwili, wakazibwaga mbele ya banda letu. Jirani yangu, mwanamke mwenye ulimi wa kukata, alisimama mbele ya lundo lile akaniambia kwa sauti ya kusikiwa hadi pwani:

"Nyie mumetutia nguruwe kwapani!"

Ndilo hasa tulilolifanya. Tulichimba shimo tukazika sabuni zote, na yule mdogo wetu niliyemkata jicho alichimba pamoja nami bila kunikumbusha neno lake. Nilimwomba radhi shimoni mle mle, tope limetufika magotini. Alisema, "Hayo yashapita, dada," akaendelea kuchimba.

Tajiri alikuja siku ya pili yake. Salamu kabla ya kuvua makubadhi, kama kawaida. Alikaa barazani akasema na yeye amepigwa na mshangao. Aliyanunua kwenye bohari mjini, kwa mtu anayeswali naye safu moja. Hakumwuliza kitu. Na yule naye aliyachukua kwa mtu mwengine anayemheshimu, wala hakumwuliza. Kila mmoja alimdhania mwenziwe mema mpaka mafuta yakafika kwenye visigino vyangu. Huo ndio mnyororo wao. Ningeweza kumhurumia, lakini nilikuwa na zile karatasi mbili mkononi, ya juu na ya chini.

"Hii ya Kiswahili kaibandika nani?" nilimwuliza. "Karatasi haijibandiki yenyewe."

Alitazama kofia yake aliyokuwa ameipakata.

"Bibi, hali ya dunia unaiona mwenyewe. Meli hazifiki. Kila mtu anatafuta pa kupitia. Na nyie mlikoga tu, hamkuyala."

Hamkuyala. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa yale mafuta kilihama pale pale kikamwangukia yeye. Nguruwe hana kosa, kaumbwa hivyo. Huyu alikuwa mtu, kanawa uso kwa maji ya kisima chetu, kaswali nyuma ya shehe wetu, halafu mtu anapomwambia kuwa kijiji kizima kimejipaka tope anajibu kwamba hatukuyala. Bado akaendelea kusema kuna mzigo mpya unakuja, huu una cheti.

"Umetoka nchi gani?" nilimwuliza.

"Nchi za huko."

"Zipi? Kitu gani kimekamuliwa? Nani kakamua? Nani kapakia? Wewe umekiona kwa macho yako?"

Akacheka kidogo. "Bibi, umekuwa mtu wa forodha?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Na wewe hupiti."

Sasa tunapika kwa nazi tupu. Tunapata kidogo, na mwezi nazi zikiadimika hatupiki kabisa, tunakaa bandani tunatazamana. Watu wa semina wakija tena nitawaambia hivi ndivyo tulivyobadilika. Na nauliza. Nauliza kila kitu kwa kila mtu, hadi nimekuwa kero. Nimeletewa mkate wa sinia nikauliza hamira imetoka wapi. Nimepewa biskuti kwenye hitima nikageuza pakti nikasoma maandishi madogo mbele ya wenye msiba. Nimejiapiza kwamba adabu haitanifunga mdomo tena, na mama angekuwa hai angenifinya mapaja yote mawili.

Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye niliogopa kwenda kumwona, naye ni bibi mwoshaji. Mikono yake ndiyo iliyoishika ile sabuni. Ilinichukua wiki mbili. Nilimkuta asubuhi kwenye kibaraza chake anapepeta mchele. Nikapiga magoti, nikamshika miguu, nikasema nimekuja kuomba radhi, kwake na kwa mama, kwa sababu mama kaingia kaburini na najisi niliyoipika kwa mikono yangu, na siwezi kumfukua nikamwosha mara saba.

Hakuacha kupepeta.

"Nyanyuka," alisema. "Sabuni yako mie sikumtilia mamako."

Nikamtazama.

"Sikuitia. Nilitumia majani ya mkunazi, kama ilivyo suna. Sabuni niliiweka kando. Wewe ulikuwa unalia, ungejua nini? Mamako kaenda safi. Nenda kapike chakula chako ule, umekonda."

Majani ya mkunazi yakitwangwa yanatoa povu, hilo ni kweli, kila mtu anajua. Lakini mkunazi haunukii karafuu. Mimi nilikuwa mle chumbani, nimeshika kata ya mama mwenyewe, namimina maji, na karafuu ilikuwa imejaa hewani mpaka shangazi alipiga chafya. Nilikuwa na maswali yote tayari mdomoni. Kama uliiweka kando, uliiweka wapi? Kipande chenyewe kiko wapi sasa? Mbona hukunirudishia? Harufu ile ilitoka wapi?

Yule bibi aliupuliza wishwa, makapi yakaruka, na macho yake yakabaki kwenye mchele. Mikono yake ilikuwa na michubuko mipya, imesuguliwa kwa mchanga mpaka viganjani.

"Ahsante, bibi," nilimwambia. Nikakaa karibu yake, nikamsaidia kuchagua mawe kwenye mchele wake, na sikumwuliza kitu.